Profesa Amandina Lihamba na Nafsi ya Mwanamke Katika Maigizo

Katika nchi ya Ziwani, na katika vijiji vinavyoandamana na Ruvuma hata mto unapoingia baharini, mwanamke aliyetazamwa sana katika maigizo ya kale alikuwa mwanamume. Wamakonde wa upande huu wa mto huyaita maigizo hayo midimu, na ndugu zao wa Msumbiji huyaita mapiko. Wari watokapo kumbini, huja mchezaji aliyeficha uso wake kwa sura ya mti; na zamani aliweza kujifunga kifuani kiwiliwili cha mti chenye maziwa na tumbo la mja mzito, kilichotiwa chale kama zile za wanawake wa Kimakonde. Mchezaji huyo hasemi neno. Uso wake haukunjuki wala haukunjamani, kwa kuwa ni mti. Basi yote anayotaka kuyaeleza huyaeleza kwa magoti, kwa mabega na kwa namna ya kusimama. Wanawake na watoto hawakutakiwa kumjua ni nani. Viwiliwili vya namna hiyo leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, navyo hutazamwa kama vinyago tu, ilhali kinyago kisichochezwa ni kama kanzu iliyotundikwa msumarini.

Nimetangulia kuyataja hayo kwa kuwa nataka kueleza habari za Profesa Amandina Lihamba, ambaye si mtu wa kwetu, maana alizaliwa wilaya ya Morogoro mwaka 1944. Walakini naona ya kuwa kazi yake iliyo kubwa kupita zote mbele ya kamera haieleweki barabara ila na mtu aliyezoea kumsoma mwanamke asiyesema.

Haikuwa Ruvuma peke yake iliyompa mwanamume nafasi ya mwanamke. Katika vichekesho vya mijini wakati wa ukoloni, mke mgomvi, mama mkwe na msichana wa mjini waliigizwa na wanaume waliojifunga kanga, na watazamaji walicheka kwanza kwa sababu ya kanga hizo, kisha ndipo wakasikiliza maneno. Filamu nazo zilimtaka kijana mwanamume awe kiini cha hadithi. Filamu ya Muhogo Mchungu ya mwaka 1952 mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba nyota yetu ya kwanza ya senema yakumbukwa zaidi kwa kazi ya serikali.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipokwisha kutangazwa, sanaa za maonyesho zilitakiwa zihudumie siasa, na ngonjera zikaenea shuleni na viwanjani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara yake ya sanaa hizo, na humo ndimo Lihamba alimofanyia kazi pamoja na Penina Muhando na wenzao wengine. Mwaka 1980 ilitoka tamthilia yake Hawala ya Fedha, aliyoitohoa katika hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegal. Mwaka 1982 yeye, Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa Harakati za Ukombozi. Alikuwa pia mmoja wa kundi la Paukwa, ambalo wachezaji wake waliitunga tamthilia ya Ayubu kwa kushirikiana. Mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, kwa utafiti juu ya siasa na maonyesho katika Tanzania tangu Azimio la Arusha hata mwaka 1984.

Mtu aweza kudhani kwamba msomi wa namna hiyo angeigiza kwa kupitisha wakati tu. Sivyo. Mwaka ule ule wa 1985 alionekana katika Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill inayosimulia mke kijana mgonjwa anayemwogopa mganga wa kienyeji. Na mwaka 1986 katika Mama Tumaini ya Martin Mhando na Sigve Endresen.

Kisha ikaja filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Mhando na Mulvihill. Daktari Asira, Mmarekani mweusi anayeigizwa na BarbaraO, anafika Tanzania kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Humo anamkuta mwanamke aitwaye Samehe, ambaye kwa miaka mingi hakutamka neno, na ambaye yu chini ya himaya ya mzimu wa kale aitwaye Maangamizi. Samehe huyo ndiye Lihamba. Msikilizaji wa Kiswahili huyapata mengi katika majina haya mawili kabla mchezo haujaanza: moja ni ombi, au pengine amri, jingine ni kuteketea kwa watu wengi. Mtazamaji wa Marekani hana budi aelezwe hayo. Sisi twayasikia katika mlio wenyewe.

Tufikiri ugumu wa kazi hiyo. Mchezaji aliyelelewa katika maonyesho ya Kiswahili amelelewa katika neno. Shairi ni neno, ngonjera ni neno, na hata kichekesho hushinda kwa neno. Mwondolee neno, umemwondolea silaha yake. Bubu, tena, ni mtego mkubwa, kwa kuwa mwigizaji dhaifu atajaribu kusema kwa macho yale asiyoruhusiwa kusema kwa kinywa, na atamchosha mtazamaji upesi. Samehe hana kimya cha mtu asiye na la kusema. Ana kimya cha mtu aliyefunga mlango kwa ndani. Hapo ndipo namkumbuka mchezaji wa midimu, asiye na uso wala sauti, ila mwili uliobeba mzigo. Tofauti ni kwamba safari hii aliye ndani ya mwili wa mwanamke ni mwanamke, na uso si wa mti.

Mwaka 2001 filamu hiyo ilipelekwa Marekani kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, nayo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania. Haikuingia katika orodha ya wateule. Ilipita miaka zaidi ya 20 hata mwaka 2022 ilipopelekwa ya pili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi.

Wanafunzi wetu hulijua jina la Lihamba kwa tamthilia, maana tamthilia hukaa maktabani na huulizwa katika mitihani. Uigizaji wake hawaujui, na sababu yake si chuki bali ni uvivu wetu sisi walimu: tumeiandika historia ya maonyesho kama kwamba ni historia ya vitabu. Kwa kipimo hicho midimu haina historia kabisa, wala Samehe hana, kwa kuwa hakusema lolote la kunukuliwa.

Yeye mwenyewe alikwisha kuanza kazi nyingine. Mwaka 1996, pamoja na Penina Mlama, ndiye yule yule Muhando, alianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambao baadaye ulifuatwa katika nchi nyingine za Afrika. Wasichana huyachunguza mambo yanayowazuia kusoma, huyageuza kuwa mchezo, huucheza mbele ya walimu na wenzao, kisha hujadiliana nao. Na shule ikiwa ya wasichana watupu, hapana budi mmoja wao avae koti na kuwa baba, au mwalimu mkuu, au yule mwenye gari anayengoja nje ya lango.