Unga wa nano haugeuzi jiwe kuwa dhahabu

Nilipokuwa kule ziwani kwenye kaunti za Homa Bay na Migori, kijana mmoja mchimba dhahabu aliniuliza: "Mzee, kuna unga wa nano, eti ukiutia kwenye jiwe lililosagwa linageuka dhahabu. Ninunue?" Nikamwambia asitoe hata shilingi. Sababu naziandika hapa, maana hata sisi wa Pwani twauziwa maneno kama hayo.

Nano ni kipimo tu. Ukigawa mita 1 mara 1,000,000,000, kila kipande ni nanomita 1. Chembe ya metali isiyozidi nanomita 100 huitwa chembe nano. Udogo huo hubadili tabia: chembe nano za dhahabu majini huonekana nyekundu. Lakini ni dhahabu ile ile.

Njia moja ya kuzitengeneza ni kusaga vitu vikavu pamoja. Wazo ni la zamani. Mwaka 1820 Michael Faraday alisaga kloridi ya fedha na zinki kinuni. Zinki ikanyakua klorini, fedha ikabaki. Siku hizi maabara hutumia kinu cha gololi za chuma. Wakitaka shaba, hutia kloridi ya shaba, sodiamu na chumvi nyingi ya kawaida, kama ile ivunwayo Gongoni. Gololi zikigongana, sodiamu huchukua klorini na kuwa chumvi, shaba ikaachwa. Chumvi ya ziada hupunguza ukali wa joto na huzitenga chembe zisishikane. Mwisho huoshwa kwa maji: chumvi yaenda, shaba yabaki.

Shaba hiyo ilikuwamo tangu mwanzo, ndani ya kloridi. Kemia huachanisha na kuunganisha. Haigeuzi jiwe kuwa dhahabu. Wala si kazi ya kujaribu nyumbani: sodiamu ikigusa maji huweza kulipuka, na unga laini wa metali huweza kuwaka hewani.

Huko Migori wachimbaji wengi husaga mawe, wakanasa dhahabu kwa zebaki, kisha wakaichoma. Mvuke wa zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na hauchagui mchomaji wala mtoto aliye karibu. Basi nilimwambia yule kijana: hela za unga ziweke, ununue chombo cha kuchomea kilichofungwa, kinachonasa mvuke. Hicho ndicho kitakachokufaa.