Chablis: mizabibu juu ya magamba ya chaza

Ukipita kati ya mizabibu ya Chablis, okota jiwe lolote la kijivu ulitazame kwa karibu. Mara nyingi utalikuta limejaa vigamba vidogo vilivyopinda kama koma, vingine havizidi ukucha wa mtoto. Hao ni chaza walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, kaskazini mwa Bourgogne palipokuwa bado bahari yenye joto. Mtu wa Lamu au Kilwa, aliyelala maisha yake yote ndani ya kuta za matumbawe, hatashangaa sana. Kwetu mabaki ya bahari yalijenga nyumba, kwao yanalisha mizabibu.

Chablis ni mji wa watu elfu mbili na ushei, kando ya mto Serein, kilomita 180 hivi kusini-mashariki mwa Paris. Mwaka 867 Mfalme Charles Mwenye Upara aliwapa nyumba ya watawa hapo watawa wa Mtakatifu Martin wa Tours, waliokuwa wakiwakimbia Waviking. Mwaka 1114 ikaanzishwa abasia ya Pontigny, jirani tu, na watawa wake nao wakawa wakulima hodari wa zabibu. Mapipa ya mvinyo yalipelekwa Auxerre, yakapakiwa mashuani, yakateremka mto Yonne hadi Seine na kuingia Paris. Mji ukatajirika kwa sababu mto ulikuwa karibu.

Utajiri huo ulivunjwa na reli. Katikati ya karne ya 19 treni zilianza kuleta Paris mvinyo wa bei poa kutoka kusini kwenye jua, na Chablis ikakosa wanunuzi. Kisha akaja filoksera, mdudu mdogo kutoka Marekani anayefyonza mizizi ya mizabibu. Vikafuata vita viwili vya dunia, na jalidi haikuacha kurudi. Kufikia miaka ya 1950 zilibaki takribani hekta 500 tu. Leo ni zaidi ya 5,000.

Jalidi ndiyo adui wa kudumu. Mwezi Aprili macho ya mizabibu yakishachipua, usiku mmoja wa baridi unatosha kumaliza mavuno ya mwaka. Wakulima huamka saa nane za usiku kuwasha mamia ya ndoo za nta kati ya mistari ya mizabibu. Wengine hufanya jambo linaloonekana kama wazimu: hunyunyizia machipukizi maji ili yagande. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na chipukizi ndani ya barafu hubaki kwenye nyuzi sifuri hivi, bila kufa. Sharti maji yasikatike mpaka jua litoke na barafu iyeyuke. Pampu ikizimika kabla ya hapo, barafu ileile inaua. Aprili 2021 hata mbinu hizo hazikutosha kwa wengi.

Lakini baridi hiyohiyo ndiyo inayoutofautisha mvinyo wa Chablis. Zabibu ni Chardonnay, ileile inayotoa mvinyo mzito wenye harufu ya siagi katika nchi za joto. Hapa huiva polepole na kubaki na uchachu, na mvinyo hutoka mkavu, mwembamba, ukichangamsha ulimi kama ndimu. Ndiyo maana ilikuwa inaudhi kuona Wamarekani wakibandika jina "Chablis" kwenye magudulia ya mvinyo mweupe wowote wa California, hata ulio mtamu.

Mezani, wenyeji huunywa pamoja na konokono, jibini ya mbuzi, na gougères, vitumbua vya jibini vinavyookwa hadi vivimbe. Mwenzi wake anayejulikana zaidi ni chaza mbichi. Kwa chakula chetu, ningeuweka kando ya kamba wa kuchoma au changu aliyepakwa chumvi na ndimu tu. Mchuzi wa nazi una utamu utakaoufanya uonekane mkali bure. Usikimbilie chupa za grand cru, zitokazo kwenye miteremko saba inayoutazama mji kutoka ng'ambo ya Serein: hizo ni ghali na hudai miaka kumi ya kusubiri. Kwa samaki wa leo, Chablis ya kawaida iliyopozwa inatosha.