Njia Hufuata Maji

Sisi tuliozoea mto Kongo usiokauka, twashangaa kusikia habari za mto usiofika baharini kamwe. Mto huo ni Cooper, katikati ya Australia, nchi kavu ya ng'ombe.

Mwaka 1845 Mwingereza Charles Sturt aliuona, lakini maji yake yalikuwa yamesimama. Kwa hiyo akauita kijito, si mto. Lakini mvua ikinyesha sana upande wa kaskazini, maji hujaa mifereji mingi na kufunika nchi tambarare. Yakipungua, majani huota tele, nayo ndiyo mali ya wafugaji. Mara chache tu hufika ziwa Eyre, lililo mita 15 hivi chini ya usawa wa bahari. Huko jua huyakausha, ikabaki chumvi.

Wenyeji waliijua nchi hiyo tangu zamani. Wadiyari walitembea mamia ya kilometa mpaka milima ya Flinders kuchukua udongo mwekundu wa kujipaka. Walipita toka dimbwi hata dimbwi. Asiyeyajua madimbwi hakufika.

Tarehe 21 Aprili 1861, Burke, Wills na King walirudi Cooper kutoka pwani ya kaskazini, wamechoka kabisa. Kumbe wenzao waliowangojea walikuwa wameondoka asubuhi ile ile! Wenyeji, Wayandruwandha, wakawapa samaki na unga wa mmea uitwao nardoo. Lakini Burke hakuwaamini, akawatisha kwa bunduki. Yeye na Wills wakafa kwa njaa kando ya maji. King alikwenda kukaa kwa wenyeji, wakamlisha, akapona. Wazungu wakamkuta Septemba mwaka ule.

Baadaye reli ilipofika Marree, wafugaji walipeleka ng'ombe huko kwa njia ya Birdsville, kilometa 517. Serikali ikachimba visima virefu sana njiani, vyenye kutoa maji ya moto. Tangu miaka ya 1960 malori yamechukua kazi ya wachungaji. Hata hivyo, Cooper ikifurika, njia hukatika.

Mwaka 2012 korti ya Australia ilikubali haki ya Wadiyari juu ya sehemu ya nchi ile ya baba zao. Wazee wetu husema: kuuliza si ujinga. Ramani huonyesha mto ulipo. Mwenyeji ajua lini una maji, na chakula gani chapatikana kando yake.