Sikio la Siti: Gumzo la Ng'ambo na Wimbo wa Mtaa

Wapinzani wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, walipotaka kumshusha hadhi, walimtungia beti za kumkumbusha kwamba alikuja mjini kutoka shamba amejifunga kaniki, na kwamba lau si sauti yake asingekuwa na cha kula. Beti hizo zimedumu midomoni mwa watu mpaka leo. Ajabu ni kwamba hata waliomuenzi baadaye walilishika neno lilelile la wapinzani. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, jarida lake kililiita Sauti ya Siti. Waliomdharau na waliompenda wamekutana kwenye koo lake. Mimi naona kwamba tumelitaja koo mno tukalisahau sikio. Sauti nzuri Unguja zilikuwa nyingi, kabla yake na wakati wake, misikitini, maulidini na ngomani. Kilichougeuza wimbo wa taarab katika miaka ya 1920 ni gumzo, yaani mazungumzo ya usiku ya watu wa kawaida, wakisema bila kuficha juu ya nyumba zao, ndoa zao, mahakama zao na vituko vya mtaa, mbele ya wanamuziki waliokuwa tayari kusikiliza.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka tukumbuke taarab ilikuwa kitu gani kabla yake. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni na muziki wa huko, kisha arudi kuburudisha ikulu. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa, nacho kikafuata njia hiyohiyo ya ala na nyimbo za Misri. Maneno yalikuwa ya Kiarabu. Muziki huo ulikuwa mzuri, wala sina haja ya kuubeza, maana bila udi, fidla na kanuni hizo Siti asingekuwa na pa kuanzia. Lakini ulikuwa muziki usiohitaji kujua nini kilitokea jana katika mitaa ya Miembeni au Kikwajuni. Wimbo ulifika Unguja ukiwa umeshakamilika, umetungwa mbali na watu wasiomjua msikilizaji wake. Aliyekaa ukumbini aliusikiliza na kuuonea raha. Kuujibu hakuweza.

Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watumwa, na jina alilopewa mwanzo lilikuwa Mtumwa. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi: mama alifinyanga vyungu, na binti baadaye akawa anavipeleka mjini kuviuza, akivinadi njiani. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Mji alioukuta ulikuwa miji miwili. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe, na ng'ambo ya kijito cha bahari ulikuwa upande uliopewa jina hilohilo la Ng'ambo, wenye nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Tangu amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa, Ng'ambo ilijaa watu waliotoka mashambani kutafuta maisha yao wenyewe, wenye asili ya Wazaramo, Wanyasa, Wamanyema na wengineo. Wengi wao hawakuwa na ukoo wa kuwasimamia. Mwanamke aliyegombana na mumewe hakuwa na wajomba wa kwenda kuwaita, na mwenye deni hakuwa na jamaa wa kumdhamini. Waliokuwapo ni majirani. Basi neno la jirani lilikuwa na uzito ambao ni vigumu kwa aliyezaliwa kwenye nasaba kubwa kuufahamu: lilikuwa ushauri, ushahidi na hukumu kwa pamoja. Watu hawa walizoea kukaa na kulichambua jambo. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja, na mgomo wa namna hiyo haufanyiki mahali ambapo watu hawajazoea kuambizana ukweli.

Ndani ya mtaa huo ndimo kikundi cha Siti kilipofanya kazi. Wenzake walikuwa Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk na Maalimu Shaaban, watu waliojua ala na waliojua kutunga. Wazee waliohojiwa baadaye na mwanahistoria Laura Fair walikumbuka kwamba nyumbani kwa Siti usiku majirani na marafiki walikusanyika wakati wa mazoezi. Habari za siku zilizungumzwa, na kutokana na mazungumzo hayo nyimbo zikatungwa. Hapa inafaa kutulia kidogo tuitazame kazi yenyewe. Ubeti wa taarab hauna nafasi ya maelezo marefu. Una vina vya kutimiza na mizani ya kuhesabu, na mstari mmoja unameza mizani zake upesi. Mtunzi aliye peke yake chumbani mwake hulazimika kueleza, kwa sababu hajui msikilizaji anajua nini. Anayetunga katikati ya watu waliokwisha kulijadili jambo lile kwa saa nzima hana haja hiyo. Anachotafuta ni lile neno moja ambalo likitamkwa wote watashtuka. Neno likikosea hukataliwa hapohapo, na aliyepo aliye na neno bora hulitoa. Kwa hiyo gumzo lilikuwa sehemu ya kutunga kwenyewe, kama vile kukanda udongo kulivyo sehemu ya ufinyanzi, na chungu ambacho udongo wake haukukandwa hupasuka motoni hata mfinyanzi angekuwa na mkono mzuri namna gani.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wimbo wa Kijiti. Kisa chake kilikuwa hiki. Mwanamke mmoja kutoka Dar es Salaam alivuka bahari kuja Unguja kutembea, naye alikuwa mjamzito. Alitoka kwenda ngomani pamoja na wanawake wawili, wakiwa na mwanamume aliyeitwa Kijiti, na pombe ilikuwapo. Mgeni yule hakurudi hai: Kijiti alimnajisi akamuua, kisha akatorokea bara. Serikali ya kikoloni haikumtia mkononi. Waliosimamishwa mahakamani ni wale wanawake wawili, na ndio waliofungwa. Yeyote anayejua mitaa ya Kiswahili anaweza kukisia maneno yaliyosemwa barazani na uani wiki ile. Wimbo uliyabeba maneno hayo. Unaita watu watazame alichokitenda Kijiti, unaruka kutoka picha moja hadi nyingine, unataja watu bila kuwaeleza ni akina nani, na unafika mahakamani kuuliza haki imekwenda wapi. Miruko hiyo ndiyo inayonithibitishia hoja yangu. Hakuna mtunzi anayeandika hivyo kwa wasikilizaji wasiojua kisa. Wimbo ule unaendeleza mazungumzo yaliyokuwa yameanza, na hukumu iliyomo ni ya mtaa uliokuwa umeketi ukaamua kwamba mahakama imewaadhibu wasiostahili. Ulikuwapo pia wimbo wa mtu mwenye cheo aliyewadhulumu watu wasiojua kusoma na mwishowe naye akafungwa, na furaha iliyomo si ya mtunzi mmoja.

Mambo ya nyumbani yalikuwa na adabu yake. Ng'ambo watu walisema wazi wakiwa pamoja, lakini wimbo ulipotoka nje ulivishwa fumbo. Mume asiyetunza, mke aliyeachwa bila talaka, shoga aliyevunja siri: hawa waliimbwa kwa ua, kwa ndege, kwa chombo kilichokwenda mrama. Muuaji alitajwa jina. Jirani alisitiriwa. Naona mpaka huu uliwekwa na akili ya watu walioishi ukuta kwa ukuta, waliojua kwamba kesho watakutana kisimani. Kanga zilizoanza kuandikwa maneno mwanzoni mwa karne ya 20 zilifuata adabu hiyohiyo, ambapo mwenye kisa hujijua na mwingine huona pambo tu. Nasisitiza mpangilio wake: uwazi ulitangulia, fumbo likafuata. Wanaofundisha mashairi ya Kiswahili kana kwamba fumbo ni mchezo wa maneno tu huwanyima wanafunzi nusu ya jambo. Fumbo zuri lazima liwe na kitu cha kufumba, na kitu hicho kilipatikana pale watu walipokuwa wamesema yote.

Kuna atakayesema kwamba nimelipa umbea jina zuri. Hoja hii ni ya zamani na haifai kupuuzwa, kwani masengenyo yameharibu nyumba nyingi. Lakini umbea una alama zake. Husemwa kwa mtu mmoja mmoja, msemaji hataki kunukuliwa, na anayesemwa hapati nafasi ya kujibu. Gumzo la nyumbani kwa Siti lilikuwa mbele ya watu wengi, nalo liliishia kwenye wimbo ulioimbwa hadharani, wenye wenyewe walioweza kuulizwa. Na aliyesemwa aliweza kujibu kwa wimbo. Siti mwenyewe alifanya hivyo kwa wale waliomkumbusha kaniki zake. Jibu lake lilisema kwamba sura na nasaba si hoja, hoja ya mtu ni akili. Tusipite hapo haraka. Waliomtukana walisema ana sauti tu. Alikuwa na nafasi ya kujivunia sauti hiyo, akaitaja akili.

Wengine watasema kwamba aliyemfanya Siti ni kampuni ya santuri. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa His Master's Voice, na hadi mwaka 1931 santuri zao zilizouzwa zilifika kama 72,000. Kwa nchi ambazo watu wengi hawakuwa na gramafoni, hiyo ni hesabu kubwa mno, nami nakubali kwamba bila santuri jina lake lisingefika Lamu, Dar es Salaam na bara kwa kasi ile. Lakini kampuni ilimkuta amekwisha kaa mjini miaka 17, tena akiwa na sifa. Na santuri ile ilikuwa na kasoro inayosaidia hoja yangu: upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo uliozoea kurefushwa usiku kucha, watu wakitunza na kuitikia, ulikatwa ukaingia ndani ya dakika tatu. Kilichotufikia ni ganda. Hata hivyo ganda hilo lilipofika katika hoteli ya Mombasa au nyumba ya Bagamoyo, wasikilizaji waliokaa kuizunguka gramafoni walianza kuulizana: huyu Kijiti ni nani, na kwa nini wamefungwa wale? Mazungumzo yaliyozaa wimbo yalizaliwa upya mahali pengine.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi ni la ushahidi. Tunayoyajua juu ya usiku ule wa Ng'ambo yametoka kwenye kumbukumbu za wazee waliohojiwa miaka mingi baadaye, na kumbukumbu hupenda kulainisha. Nyimbo nyingi za Siti zilikuwa za mapenzi, nyingine za Kiarabu, naye aliimba pia kwenye nyumba za matajiri na mbele ya Sultani. Yote hayo ni kweli, na asidhani mtu kwamba kila wimbo wake ulikuwa kesi ya mahakama. Lakini kumbukumbu za wazee zinashikana na nyimbo zenyewe, kwa majina yaliyomo na kwa namna zinavyoruka. Na watu hulainisha sifa za shujaa wao. Sioni sababu ya kulainisha habari kwamba hakutunga peke yake. Wazee walipomtaja Siti wakawataja na wenzake na majirani, walikuwa wanampunguzia sifa ya mtunzi wa peke yake, na ushahidi unaompunguzia mtu sifa kutoka kwa wampendao huwa mzito. Jambo hilo linatudai haki pia. Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu, na wasifu ule unastahili kusomwa. Subeti, Buda, Mbaruk na Maalimu Shaaban hawajapata mwandishi wa kiwango chake, na majirani waliotoa neno lililokosekana katika mstari hawajulikani hata majina.

Siti alifariki Julai 1950. Vikundi vya taarab vya wanawake wa Unguja, kama Sahib el-Ari na Nuru el-Uyuni, viliendelea kujibizana kwa nyimbo, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizibeba nyimbo za Siti mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya. Nyimbo zenyewe zipo. Kinachopotea ni maelezo yake: nani alisemwa, jambo gani lilitokea, mstari upi uliwachekesha watu na kwa nini. Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yupo bibi au babu anayezijua nyimbo hizo, mwombe aimbe mmoja, kisha muulize ulikuwa unamhusu nani. Andika jibu lake lote, na tarehe, siku hiyohiyo.