Ordinatere mpya inaonyesha faili, lakini haziko ndani

Tuchukue mfano wa katibu wa koperative moja ya wakulima. Ordinatere yake ya zamani imechoka, koperative imemnunulia ingine. Anaiwasha, anaingiza anwani yake ya barua-pepe na neno la siri, na mara dosie zote zinatokea: orodha ya wanachama, hesabu, picha za mashamba. Anafurahi. Anafuta kila kitu katika ile ya zamani na kumpa mdogo wake. Kesho yake yuko kijijini, konesio hakuna, anafinya orodha ya wanachama: haifunguki. Ndani ya ordinatere mpya hakukuwa faili, kulikuwa paka jina lake.

Programu kama OneDrive, Google Drive na Dropbox zinafanya kazi ya kusawazisha, ni kusema kile kilicho kwenye ordinatere na kile kilicho kwenye mtandao vifanane. Lakini ili diski isijae, OneDrive kwenye ordinatere mpya inaleta kwanza majina tu, na faili yenyewe inashuka siku mtu anapoifungua. Google Drive nayo, mtu asipobadilisha kitu, inafanya vilevile.

Kwa OneDrive, alama ndogo karibu na jina inasema ukweli. Wingu la bluu: faili iko mtandaoni tu. Duara jeupe lenye vema ya kijani: imeshuka, lakini inaweza kuondolewa tena ili nafasi ipatikane. Duara la kijani lililojaa, vema nyeupe ndani: inabaki pale hata bila konesio. Ili kufika hapo, mtu anafinya dosie kwa batani ya kuume na kuchagua « Toujours conserver sur cet appareil ». Ni vizuri kuanza na dosie za kazi. Picha za harusi zinaweza kungoja.

Kisha mtu anafinya, anangoja, hakuna kinachosonga. Wengi hapo wanaondoa programu na kuiweka upya, na mega zinaisha bure. Sababu mara nyingi ni ndogo. OneDrive inasimama yenyewe kama Windows imeambiwa kwamba konesio ni ya kuhesabu, jambo ambalo watu wanaotumia konesio ya telefone wanafanya ili kulinda forfe yao. Inasimama pia batri ikiingia katika hali ya kujibana. Kwa hiyo angalia kwanza hayo mawili, na umeme ukiwepo, chomeka chaja.

Angalia pia anwani. Mtu mwenye barua-pepe mbili, moja ya kazi na moja yake mwenyewe, anaingia kwa ile isiyo yenyewe na kukuta dosie tupu, anafikiri ameibiwa. Ordinatere iliyokaa muda mrefu bila umeme inaweza kuonyesha mwaka wa zamani, na tarehe ikiwa ya uongo, konesio ya usalama inakataliwa. Jina la faili lenye alama kama ? ao : nalo Windows haikubali.

Nafasi pia inaweza kuwa imejaa. Bila kulipa, Google inatoa giga 15, lakini barua za Gmail na picha zinakula humo humo. OneDrive inatoa 5, Dropbox 2. Ikijaa, kupandisha kunasimama.

Kama yote iko sawa, pengine ni mwendo tu. Giga 4 kwa konesio ya megabiti 1 kwa sekunde zinachukua karibu saa 9 mfululizo, bila kukatika. Mtu anayeangalia kwa dakika 20 na kusema programu imekufa, hajaipa nafasi.

Konesio yenyewe si ya kuaminiwa kila siku. Tarehe 31/12/2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo, na ilirudi karibu siku 20 baadaye. Faili iliyokuwa mtandaoni tu haikuweza kushuka kwa njia hiyo muda wote huo, hata kama mwenyewe alikuwa amelipa.

Hatari kubwa zaidi kuliko wingu la bluu ni faili ambayo haikupanda kamwe. Ilibaki katika ordinatere ya zamani, pengine kwenye dosie ambayo programu haiangalii. Ile ikifutwa, hakuna fasi ingine ya kuitafuta. Mambo ya kufuta nayo yana mtego: kusawazisha si kuweka nakala. Ukifuta faili katika dosie ya OneDrive ya ordinatere moja, inafutika mtandaoni na katika ingine pia. Kwa akaunti ya mtu binafsi, inakaa katika kapu la takataka siku 30, kisha inaenda.

Kwa hiyo ordinatere ya zamani isiguswe haraka. Iwashwe, ipewe konesio mpaka alama ya programu ionyeshe kwamba imemaliza. Kisha, kwa kutumia telefone ya mtu mwingine, ingia kwenye akaunti, fungua faili tatu ao ine za maana zaidi, na ukimaliza toka kwenye akaunti. Hesabu na orodha za wanachama ziwekwe pia kwenye flashi, juu flashi haiombi mega. Hapo ndipo mdogo wake anaweza kupewa ile mashini.