Tarehe ya Pate: Kumbukumbu Isiyo na Yumbe

Chombo kitokacho Lamu kwenda kisiwa cha Pate hupita Mkanda maji yakijaa, kisha huwashusha abiria Mtangawanda. Bahari ya mji wa Pate wenyewe ni ya kina kifupi, nao hukaribiwa kwa shida maji yakitoka. Kutoka Mtangawanda msafiri hushika njia ya Pate, ya Siyu au ya Faza. Mjini Pate atayaona magofu, na ataonyeshwa mahali pa yumbe, nyumba ya enzi ya Wanabahani. Lakini mtaalamu atafutaye asili ya Tarehe ya Pate hataipata humo.

Inasemekana kwamba kitabu cha asili kilihifadhiwa na ukoo wa Nabahani, kikapotea Witu mwaka 1890. Ukoo huo ulikuwa umehamia bara baada ya kushindwa na Mabusaidi wa Unguja, na Sultani Ahmad, aliyeitwa Simba, alitawala Witu hadi alipofariki mwaka 1889. Mwaka uliofuata Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na mwezi wa Oktoba majeshi ya Uingereza, chini ya Admirali Fremantle, yakauteketeza mji.

Kama maandishi yangalitegemea hazina ya mfalme peke yake, habari ingalikwisha hapo. Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, alikuwa ameipokea kwa babu yake, naye akaisimulia hata ikaandikwa tena. C. H. Stigand aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akachapisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1914 na 1915. Nakala nne zilizomo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilihaririwa na Marina Tolmacheva katika kitabu cha mwaka 1993. Yafaa hapa pawe na tahadhari: nyingi kati ya nakala hizi humrejea Bwana Kitini yuleyule, kwa hiyo si haki kuzihesabu kama mashahidi waliojitegemea.

Hata hivyo, Bwana Kitini hakuwa mtu wa ajabu aliyezuka peke yake. Alikulia katika nchi ambayo elimu yake ilikuwa imetawanyika majumbani. Chuo kilikuwa nyumbani kwa mwalimu, darasa la watu wazima lilikuwa msikitini, na kitabu kiliazimwa, kikanakiliwa kwa mkono, kikarudishwa kwa mwenyewe. Siyu ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanazuoni wake na kwa misahafu iliyoandikwa humo, ingawa haikuwa na nasaba ya masultani mfano wa ile ya Pate. Utendi wa Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, ulitungwa mwaka 1858 uwe wosia wa mama kwa binti yake. Hakuna diwani ya mfalme iliyoutunza. Ulipita kutoka mkono hadi mkono, hata Werner akauchapisha mwaka 1917.

Wanahistoria hawakuiamini sana hifadhi ya namna hii. Mwaka 1969 Neville Chittick aliikosoa vikali miaka itajwayo katika Tarehe, akautilia shaka ukale wa mji wa Pate. Uchimbaji wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997, ulionyesha makazi ya tangu karne ya 8 au ya 9. Hilo halithibitishi kwamba Nabahani wa kwanza alifika mwanzoni mwa karne ya 13, kama Tarehe isemavyo. Lakini ukale wa mji, ambao wasimulizi waliushikilia, haukuwa majivuno matupu.

Udhaifu wa Tarehe uko kwingine. Bwana Kitini alikuwa Mnabahani, na alichokiokoa ni hesabu ya masultani, vita vyao na miaka ya enzi zao. Walimu wa vyuo, wavuvi na watumwa hupita humo kwa nadra, bila majina. Ajabu ni kwamba utaratibu wa majumbani ulizinusuru kwanza habari za yumbe. Habari za majumba yenyewe sharti zitafutwe katika nyosia, katika hati za mirathi na za wakfu, na katika kurasa za mwisho za misahafu ya Siyu, pale mnakili alipozoea kuandika jina lake.