Kampuni za Kigeni katika Uchumi wa Taifa: Mfano wa Ndera, Kigali

Ndera ni tarafa ya wilaya ya Gasabo, katika upande wa mashariki wa jiji la Kigali, na kwa muda mrefu umaarufu wake ulitokana na seminari ndogo ya Wakatoliki na hospitali ya maradhi ya akili iliyoasisiwa mwaka 1968 na mabruda wa shirika la Brothers of Charity, lenye asili yake Ubelgiji. Lakini tangu kujengwa kwa Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali katika kata ya Masoro, Ndera imekuwa mahali ambapo mtu apendaye kujua nafasi ya kampuni za kigeni katika uchumi wa Rwanda anaweza kuzitazama nyingi kwa pamoja, juu ya kilima kimoja na chini ya sheria moja: Wajerumani wenye magari na chanjo, Wachina wenye nguo, Waholanzi wenye unga wa lishe, na kampuni ya kompyuta yenye asili ya Argentina na Brazili.

Kwa desturi ya wanauchumi, kampuni huhesabiwa kuwa imepokea mtaji wa kigeni wa moja kwa moja pale mwekezaji akaaye nchi nyingine anapomiliki angalau sehemu 10 katika 100 za hisa zake, kwa kuwa hapo hudhaniwa ana sauti katika uendeshaji, wala si mtu wa kungojea gawio tu. Kipimo hicho kina nafuu kwa mwenye kuandika takwimu, ila hakimalizi swali la nani aitwe mgeni. Sheria ya uwekezaji ya Rwanda ya mwaka 2005 ilimtaka mgeni alete dola 250,000 za Marekani ndipo asajiliwe, ilhali Mnyarwanda, na pamoja naye raia wa nchi za soko la pamoja la COMESA, alitakiwa dola 100,000 tu, hata ikawa Mkenya au Mganda mbele ya sheria hiyo alikuwa karibu sawa na mwenyeji. Na huko Ndera kwenyewe, kiwanda cha simu za Mara, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kilikuwa cha Ashish Thakkar, aliyezaliwa Uingereza katika familia ya Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, akaletwa Kigali na wazazi wake mwaka 1993, na mwaka uliofuata wakayakimbia mauaji ya kimbari. Mwenye kutaka kumpa mtu huyo kwao kumoja tu ana kazi ya kuchagua.

Kwa rai ya mwandishi wa makala haya, uraia wa mwenye mali ni jambo dogo kuliko swali jingine ambalo haliulizwi mara nyingi: katika kila faranga mia zinazopatikana kwa bidhaa iliyouzwa, ni ngapi zimepita mikononi mwa watu wa nchi kabla bidhaa haijatoka langoni.

Zamani za utawala wa Ubelgiji jawabu lake lilikuwa jepesi. Kampuni za madini kama MINETAIN na SOMUKI, zilizoanza kazi katika miaka ya 1930, zilichimba madini ya bati na kuyasafirisha yakiwa ghafi, na kilichobaki kwa mwenyeji kilikuwa ijara ya mchimbaji na shimo. Baada ya uhuru, mwaka 1973, kampuni hizo ziliunganishwa kuwa SOMIRWA, ubia ambamo Geomines ya Ubelgiji ilishika sehemu 51 na serikali sehemu 49, na tanuri la kuyeyushia bati likajengwa Karuruma, karibu na Kigali, kwa tamaa kwamba thamani sasa ingebaki nyumbani. Lakini tanuri lilikuwa na gharama kubwa kuliko bati lililopatikana, bei ya bati duniani ikaanguka, na mwaka 1985 SOMIRWA ilifilisika. Tofauti na hayo ni BRALIRWA, kampuni ya bia ya Gisenyi iliyoasisiwa mwaka 1957, ambayo Heineken ya Uholanzi iliichukua mwaka 1971 kwa kumiliki hisa zilizo nyingi, ikadumu katika misukosuko yote, na Januari 2011 ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Rwanda baada ya serikali kuuza sehemu yake, hata watu wa kawaida wakaweza kupata gawio kutoka kwa kampuni ambayo kwa miongo mingi walikuwa wateja wake tu.

Eneo Maalumu la Kiuchumi la Ndera lilitokana na fikira mbili zilizokutana. Ya kwanza ilikuwa kuviondoa viwanda katika bonde la Gikondo, jijini Kigali, ambako vilikuwa vimejengwa ndani ya ardhi oevu na kuyachafua maji yake. Ya pili ilikuwa kumpa mwekezaji kiwanja kilichokwisha kupata barabara, umeme, maji na mawasiliano, ili asitumie miaka yake ya mwanzo kuhangaika na mambo ambayo si kazi yake. Sera ilitangazwa mwaka 2010 na sheria ikafuata 2011. Awamu ya kwanza ilikuwa na hekta 98 na ya pili hekta 178, nazo ardhi zake zilitwaliwa kwa wakulima kwa fidia. Sheria za uwekezaji zilizofuata, ya 2015 na ya 2021, ziliongeza vivutio: anayeuza nje angalau nusu ya bidhaa au huduma zake hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 15, ambayo ni nusu ya kiwango cha asilimia 30 kilichokuwapo wakati huo, na faida yake yuko huru kuihamisha nje. Nchi isiyo na pwani hulazimika kuwa karimu, kwa maana kontena la kwenda Kigali lina safari ya takriban kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, na zaidi ya hapo kutoka Mombasa, na kila kilomita hulipwa na mtu. Hata upunguzaji wa gharama hiyo umepewa mgeni: bandari kavu ya Masaka, isiyo mbali na Ndera, iliyozinduliwa rasmi Oktoba 2019, huendeshwa na DP World ya Dubai.

Kati ya viwanda vya Ndera, kile kinachostahili kuelezwa kwa urefu ni cha Africa Improved Foods, kilichofunguliwa Mei 2017. Wenye hisa zake wakati huo walikuwa DSM ya Uholanzi, mashirika ya fedha za maendeleo ya Uholanzi na Uingereza, Shirika la Fedha la Kimataifa, na serikali ya Rwanda yenyewe. Bidhaa yake ni unga wa uji wa mahindi na soya uliotiwa vitamini na madini, ambao sehemu moja hununuliwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa ajili ya wenye njaa wa nchi jirani, sehemu nyingine hununuliwa na serikali na kugawiwa kwa jina la Shisha Kibondo kwa watoto na wajawazito wa familia maskini, ili kupambana na udumavu, na sehemu nyingine huuzwa madukani. Kwa hiyo serikali hapa ni mwenye hisa, ni mtoza kodi, na ni mnunuzi pia. Hiyo ni hali ambayo vitabu vya uchumi huitilia shaka, lakini pasipo mnunuzi huyo wa yakini hapana benki ambayo ingekopesha.

Kiwanda kilikuwa kimekusudiwa kununua mahindi kwa wakulima wadogo wa Rwanda. Msimu wa kwanza ulidhihirisha kwamba mahindi yapo ila hayafai, kwa kuwa mkulima aliyezoea kuyaanika chini, au kuyatundika kibarazani huku mvua ikiendelea, huyapata yamekwisha kuingiwa na kuvu, na kuvu huacha sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haitoki kwa kupikwa, na ambayo katika chakula cha mtoto mchanga huvumiliwa kwa kiasi kidogo mno. Sehemu kubwa ya mahindi yaliyoletwa langoni ilirudishwa. Fikiria hali ya chama cha ushirika kilichokodi lori, kikalipa wapagazi, kisha kikaambiwa kwamba shehena, iliyo safi kwa kila mtu mwenye macho, imekataliwa na mashine. Na kiwanda nacho kikalazimika kuagiza nafaka kutoka nje ya nchi, jambo lililoipunguzia maana hoja nzima ya kukijenga.

Dawa iliyopatikana haikuwa ya kumhubiria mkulima. Kampuni iliamua kuyanunua mahindi yakiwa bado katika magunzi yake, mara tu yavunwapo, ikapeleka magari yake hadi kwenye mashamba, ikayapukuchua na kuyakausha kwa mitambo kabla kuvu haijapata nafasi. Mkulima akapumzika kazi ya kupukuchua na kuanika, akalipwa mapema, na hatari ya mvua ikahama kutoka kibarazani kwake ikaenda kwa mwenye mtaji, ambaye ndiye aliyeweza kuibeba. Huo ndio uhusiano ambao kampuni ya kigeni hujipatia mizizi kwao: si ukarimu, maana mahindi ya karibu yaliyo safi ni nafuu kuliko ya mbali, bali ni haja ya tajiri na haja ya mkulima kukutana mahali pamoja.

Viwanda vya kuunganisha vipande vina habari nyingine. Positivo BGH ilianza mwaka 2015 kuunganisha kompyuta, na mteja wake mkuu alikuwa serikali kwa ajili ya shule. Volkswagen ilizindua gari lake la kwanza la Rwanda tarehe 27 Juni 2018, kwa mradi uliotajwa kuwa wa dola milioni 20 na uwezo wa kufikia magari 5,000 kwa mwaka. Magari huja yakiwa vipande vilivyokwisha kuunganishwa nusu, hukamilishwa Ndera, na kwa kuwa wanunuzi wa gari jipya katika nchi kama hii ni wachache, na gari lililokwisha kutumika ng'ambo ni rahisi zaidi, kampuni ililazimika kuanzisha pamoja nayo huduma ya kukodisha na kubeba abiria kwa kuita kwa simu, yaani ikajitengenezea mteja. Simu za Mara zilitangazwa kwa bei ya takriban dola 130 na 190, wakati ambapo simu za bei ya chini zaidi zilikuwa zimejaa madukani. Faida ya viwanda hivi haipingiki, kwani kijana aliyejifunza nidhamu ya kazi ya mstari hawezi kunyang'anywa elimu hiyo. Lakini ukipima kwa kile kipimo cha faranga mia, nyingi zimekwisha kulipwa nje kabla kontena halijafunguliwa.

Kiwanda cha nguo cha C&H, mali ya Wachina, kilichoanza Ndera mwaka 2015, kinafundisha jambo la tatu: kwamba kampuni ya kigeni huja pamoja na hatari za soko inalolitegemea. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba, ambayo wenyewe huiita caguwa, kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, kwa nia ya kuwapa nafasi washonaji wa nyumbani. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walishitaki kwa serikali yao, nchi nyingine za Afrika Mashariki zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na tarehe 30 Julai 2018 Marekani ikasimamisha msamaha wa ushuru ambao nguo za Rwanda zilikuwa zikiupata chini ya mpango wa AGOA. Hivyo hatua iliyochukuliwa kukilinda kiwanda cha nguo ndiyo iliyokifungia mlango mmoja wa kuuzia.

Ama fedha nyingi za kigeni hazimo Ndera. Zimo katika benki na simu, ambako kampuni kama MTN, iliyopata leseni mwaka 1998, na Airtel, na benki za Kenya kama KCB na Equity, huchuma kwa faranga kutoka kwa wenyeji na kuwapelekea wanahisa wao gawio kwa fedha za kigeni. Na kwa kuwa hazisafirishi bidhaa, dola hizo shurti zipatikane kwa chai, kahawa, madini na utalii. Ndiyo sababu pato linalozalishwa ndani ya mipaka huweza kukua upesi kuliko pato linalobaki kwa raia. Wala mtaji wa kigeni hauna dhamana ya kudumu: mwaka 2007 LAP Green ya Libya ilinunua sehemu 80 za Rwandatel kwa dola milioni 100, na Aprili 2011 leseni ya simu za mkononi ya kampuni hiyo ikafutwa kwa kutotimiza masharti. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza Bugarama mwaka 1984, kilipita kwa PPC ya Afrika Kusini, na mapema mwaka 2024 kikaingia mikononi mwa National Cement ya Kenya, huku tanuri na wafanyakazi wakibaki palepale.

Miongoni mwa wageni wa karibuni katika Ndera ni BioNTech ya Ujerumani, iliyoweka jiwe la msingi tarehe 23 Juni 2022 na kuzindua jengo lake Desemba 2023, baada ya karakana zake za chanjo kuletwa zikiwa tayari ndani ya makontena. Hapana mkulima wa Rwanda anayeweza kuuza kitu kwa kiwanda cha namna hiyo. Lakini chanjo haiwezi kuuzwa kwa urahisi pasipo mamlaka ya dawa inayoaminika katika nchi inakotengenezwa, na kwa ajili hiyo Rwanda ililazimika kuijenga mamlaka yake ya chakula na dawa, wakaguzi wake na maabara zake, hata Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa imefikia daraja la tatu la ukomavu; nayo ni ofisi ya serikali, inayokagua pia vidonge vya malaria na dawa za kifua zinazouzwa katika maduka ya mitaa ya Nyamirambo na Remera, jijini Kigali.